Usiiombee Maktaba Yako Mamlaka ya Root

Niliwahi kuandika maktaba ndogo ya Python, yaani msimbo wa kutumiwa ndani ya programu nyingine, ya kupima ucheleweshaji wa mtandao kwenye Linux. Ilituma pakiti za ICMP, ujumbe mfupi wa kupima mtandao, kama ifanyavyo amri ya ping, na soketi ghafi niliyoichagua (mlango wa programu wa kutuma pakiti ilizoziunda yenyewe) haifunguki bila mamlaka maalumu. Nikaandika kwenye maelezo ya matumizi: "Endesha kwa sudo," yaani amri inayoendesha programu kama root, mtumiaji mkuu mwenye mamlaka yote.

Mwenzangu kazini akaiingiza kwenye programu yake ya ripoti, programu inayosoma mafaili ya wateja, kuchora grafu na kutuma barua pepe. Kwa ajili ya mistari yangu michache, yote hayo yakawa yanaendeshwa kama root. Siku moja jina la saraka ya muda likaja tupu, na kazi ya usafi ikafuta mafaili ambayo mtumiaji wa kawaida asingeweza hata kuyagusa. Nakala za akiba zilituokoa, lakini kosa lilikuwa langu kabla ya kuwa lake.

Linux haiipi maktaba mamlaka. Inaupa mchakato, yaani programu nzima inapoendeshwa. Maktaba ikishapakiwa, inakaa kwenye kumbukumbu moja na programu iliyoiita, hakuna ukuta kati yao. Ukiiombea maktaba root, umemwombea kila aliyemo humo, pamoja na maktaba nyingine usizozijua.

Nikajaribu kuipa cap_net_raw, kipande kile tu cha mamlaka ya root kinachoruhusu soketi ghafi, faili ya python3 yenyewe kwa amri ya setcap. Ilifanya kazi, na ndilo lililonitisha: kila aliyeweza kuendesha Python kwenye mashine ile alipata uwezo uleule. Kuweka alama ya setuid, inayoendesha faili kwa mamlaka ya mwenye faili, kwenye skripti nako hakusaidii, kwa sababu kerneli, kiini cha Linux, huipuuza.

Kilichonifaa ni kutenga kazi. Niliandika programu ndogo ya C yenye cap_net_raw peke yake. Inafungua soketi, inaachia mamlaka hayo papo hapo, kisha ndipo inasoma anwani iliyopewa na kurudisha majibu kwa paipu, njia ya kupitisha data kati ya michakato. Maktaba inaiita kama mchakato mwana. Msaidizi huyo asimwamini anayemwita: akague kila hoja (thamani anayopewa anapoitwa), hata idadi yake. Udhaifu wa pkexec, programu ya Linux ya kuendesha amri kama root, uliotangazwa Januari 2022 ulitokana na programu kuitwa bila hoja hata moja, na ulikuwemo tangu 2009.

Ila kabla ya kuandika msaidizi, tafuta kama kerneli imeshakufungulia mlango. Tangu toleo la 3.0, Linux ina soketi ya ICMP ambayo mtumiaji wa kawaida anaweza kuifungua, msimamizi akiruhusu kundi lake kwenye mpangilio wa kerneli uitwao ping_group_range. Kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, faili ya /dev/gpiomem, inayofungua pini za kuunganishia vifaa, iliwaondolea wengi haja ya sudo kwa ajili ya kuwasha taa tu.

Siku hizi maktaba yangu hujaribu soketi hiyo kwanza, halafu msaidizi. Vyote vikishindikana, humwonyesha msimamizi amri ya kuendesha, kisha hukoma. Yenyewe haiiti sudo kamwe.