Kuosha dredi kwa maji ya bahari

Je, kuogelea baharini kunatosha badala ya kuosha dredi? La, hakutoshi, ijapokuwa vijana wengi wa hapa Malindi huamini kwamba kunatosha. Chumvi husaidia nywele changa kushikana kwa kuwa huondoa utelezi, lakini ikiachwa humo huzikausha hadi zikakatika, kwa hiyo zisuuze siku hiyo hiyo kwa maji yasiyo na chumvi, kisha uzioshe kwa shampuu nyepesi kila baada ya wiki moja au mbili.

Ninatengeneza dredi za watu, na kinachoziharibu zaidi ni unyevu: dredi nene huonekana kavu kwa nje ilhali kiini chake kingali kimelowa, na ukizifunga kilemba katika hali hiyo, hasa nyakati za mvua, huota ukungu wenye harufu ngumu kutoka. Zikamue kwa taulo, moja moja, na uzioshe asubuhi ili zipate jua la kutosha. Mafuta ya nazi yapakwe kwenye ngozi ya kichwa tu, tena kidogo.