Nodi imerudi, mbona maulizo bado yanajikokota?

Kilichotupotezea muda mwingi siku ile hakikuwa nodi (kompyuta mojawapo ya klasta) iliyoanguka. Ilikuwa alama ya UN (Up/Normal) tuliyoiona asubuhi iliporudi.

Tulikuwa na klasta ya Cassandra, hifadhidata inayogawanya data kwenye kompyuta nyingi, ya nodi 6, kila data ina nakala 3, programu ikisoma na kuandika kwa QUORUM, yaani lazima zaidi ya nusu ya nakala zijibu. Usiku kadi ya mtandao ya nodi moja iliharibika, nodi ikakaa nje saa 5. Kadi ikabadilishwa, `nodetool status`, amri ya kuangalia hali ya nodi, ikaonyesha UN mstari hadi mstari, tukashusha pumzi. Haukupita muda, malalamiko yakaanza: kurasa zinachukua sekunde kadhaa kufunguka, tena kwa watumiaji wengine tu.

Tukayavamia maulizo (queries), yaani maombi ya data yanayotumwa na programu. Tulibishana juu ya muundo wa majedwali karibu asubuhi nzima, ilhali msimbo ule haukuwa umeguswa kwa wiki kadhaa. Naomba usirudie kosa hili. Ulizo lililokwenda vizuri jana, na halijabadilishwa, liache kwanza. Uliza linagusa data ipi, na ni nodi zipi zinazolijibu.

Hata nodi ikiwa bado imelala, dalili zipo. QUORUM ya nakala 3 ni majibu 2. Wenye nakala wote wakiwa wazima, mmoja akisuasua Cassandra humgeukia wa tatu. Mmoja akianguka, wawili waliobaki lazima wajibu wote, kwa hiyo kila mmoja wao anaposimama kidogo kusafisha kumbukumbu yake (RAM), mtumiaji anasubiri naye. Wastani wa muda hautakuambia haya, maana husogea kidogo sana. Tazama yale maulizo 1 kati ya 100 yanayochelewa kuliko mengine.

Sasa kuhusu kurudi. Nodi inapokuwa nje, wenzake huiwekea rekodi (hints) za maandishi iliyoyakosa, wakailetea ikirudi. Lakini kwa mpangilio wa kawaida huziweka kwa saa 3 za mwanzo tu. Yetu ilikaa nje 5, kwa hiyo maandishi ya saa 2 hayakuifikia kabisa. UN inakuambia nodi ipo hewani na inaongea na wenzake. Kama data yake imekamilika, hilo haikuambii.

Matokeo yake ni haya: ulizo likisomwa kutoka nodi ile na nyingine, muhtasari wa data (alama fupi ya kulinganishia) wa nodi hizo mbili haulingani. Mratibu wa ulizo (nodi iliyolipokea) inabidi avute data kamili, alinganishe, amwandikie aliyebaki nyuma, ndipo amjibu mteja. Ndiyo maana walioumia kwetu ni wale waliobadilisha taarifa zao usiku ule, wengine wakaona mambo shwari.

Tulilibaini hili kwa kuwasha `TRACING ON`, inayoonyesha hatua za ulizo, ndani ya cqlsh (programu ya kuandikia amri za Cassandra) na kurudia ulizo moja zito mara kadhaa, mpaka tukaona muhtasari unakataa kulingana. Kisha `nodetool netstats`: hesabu ya Mismatch (kutolingana), ule mstari wa Blocking, ilikuwa inapanda kila tulipoitazama.

Dawa ni repair (kulinganisha nakala na kujaza mapengo), na hapo pia tulijikwaa. Tuliendesha `nodetool repair -pr` kwenye nodi iliyorudi, tukidhani tumemaliza. Hiyo `-pr` hushughulikia tu sehemu ambazo nodi hiyo ndiyo mmiliki wa kwanza. Kwa nakala 3, nodi imebeba pia sehemu za wenzake, nazo zikabaki na mapengo. Kwenye nodi hiyo endesha `nodetool repair -full` bila `-pr`. Ni kazi nzito kwa diski na mtandao, na ikiisha mafaili mengi madogo hubaki yakisubiri kuunganishwa. Fuatilia `nodetool compactionstats`, na maulizo yakizidi kuelemewa punguza kasi ya kuhamisha data kwa `nodetool setstreamthroughput`.

Nodi ikikaa nje kupita `gc_grace_seconds`, muda wa kutunza alama za data iliyofutwa, ambayo kwa kawaida ni sekunde 864,000, yaani siku 10, usiirudishe na data yake ya zamani. Alama za ufutaji huenda zimeshaondolewa kwa wenzake, na yaliyofutwa yanaweza kufufuka. Ifute, uijenge upya.

Siku hizi nodi ikianguka, tunaandika saa kabla ya kugusa chochote. Ikirudi ndani ya saa 3, tunasubiri wenzake waikabidhi ilichokosa. Ikizidi hapo, repair inaanza kabla mtu hajafungua ulizo hata moja.