Mwaka wangu wa 2025: malengo niliyapanga kwa misimu

Mdogo wangu wa Changamwe, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: mtu mzima anapangaje malengo ya mwaka yakatimia, mabadiliko makubwa ya maisha yanampaje nafasi ya kusoma, na uanze na kitabu gani cha Kiswahili. Umesema Januari uliandika malengo kumi na mawili, vitabu ishirini na vinne vikiwemo, na kufika Machi hukutaka hata kuiona ile karatasi. Walionitangulia kukujibu wamekuhimiza ujikaze na uamke alfajiri. Mimi ningeanza na kalenda. Nitakueleza mwaka wangu ulivyokwenda, kisha utachukua linalokufaa.

Mwaka ulinikuta nimetoka kwenye ajira. Kwa miaka mingi nilikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Mombasa. Unajua kilichotokea: kuanzia 2018 makontena yakawa yanapakiwa kwenye reli mpya ya SGR na kupelekwa Embakasi, Nairobi, na kazi nyingi za hapa zikafuata mizigo. Amri ya Septemba 2022 ilirudisha shughuli hizo Mombasa, lakini si kila ofisi iliyokuwa imepunguza watu iliwaita tena. Yetu iliendelea kupungua mpaka tuliobaki tukaambiwa tuhamie Nairobi au tuchukue haki zetu. Mamangu yuko Likoni, amezeeka, na jicho lake moja lilikuwa limeshaingia ukungu. Nikachukua haki zangu, nikaenda kushika sehemu ya duka la mama mdogo, duka la leso (wengine huziita kanga) karibu na Barabara ya Biashara.

Hapo ndipo nilipojifunza kupanga mwaka. Ukiwa ofisini mshahara unaingia kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo miezi yote unaiona sawa. Dukani hakuna miezi miwili inayofanana. Januari watu wamelipa karo na kununua sare, leso hainunuliwi. Shaaban, mwezi wa kabla ya Ramadhani, ikiingia, mambo yanaanza kuchangamka. Ramadhani ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na kumi la mwisho duka halikuwa na mahali pa kusimama. Kisha Idi, kisha Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na harusi zilizokuwa zikisubiri mfungo upite. Halafu masika inamwagika, kusi, upepo wa kusini, inashika, barabara zinajaa maji, na unaweza kukaa kuanzia adhuhuri mpaka alasiri usimwone mteja. Kuanzia Novemba kaskazi, upepo wa kaskazini, inarudi, na Desemba wageni wa bara wanateremka. Na kumbuka mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo msimu mkubwa wa biashara unasogea nyuma kila mwaka. Mpango wa mwaka jana huwezi kuunakili ukaubandika mwaka huu.

Mama mdogo hajawahi kuandika lengo lolote, lakini ukimuuliza mwezi fulani ni wa nini anakujibu papo hapo: huu wa kuuza, huu wa kulipa, huu wa kwenda kuzuru watu. Nikachukua busara yake nikaiongezea daftari. Kila msimu nikaupa lengo moja, na lengo lenyewe likawa lile ambalo msimu unalikubali.

Msimu wa kwanza, kabla ya Ramadhani, lengo lilikuwa kuijua leso. Mteja wa Mombasa hanunui kitambaa tu. Anatazama pindo, anatazama mji, yaani sehemu ya katikati, lakini kinachomfanya atoe pesa ni jina, yale maandishi ya chini. Anakwambia anataka doti, yaani leso mbili pamoja, ya kumpelekea mkwe wake, iwe na heshima, isije ikasomeka vingine. Mwengine anataka ya kumshukuru jirani, unamtolea “Wema hauozi”. Muuzaji asiyejua majina yaliyomo rafuni ni kama hana duka. Basi nikawa nayaandika daftarini, jina moja moja, na kando yake nani alilinunua na kwa ajili ya nani. Hayo nayahesabu kuwa masomo yangu ya kwanza ya mwaka, na yalinifaa kuliko kitabu chochote cha biashara ambacho ningeweza kununua.

Ramadhani lengo lilikuwa kuuza mchana na kusoma Kurani usiku. Sikujaribu kuongeza kitu kingine.

Masika ndiyo iliyokuwa hazina yangu. Nilijua itakuja na mapato yatashuka, kwa hiyo niliiwekea mambo yasiyotaka pesa nyingi ila muda: jicho la Mama, na kusoma. (Mmoja wa waliokujibu amependekeza kusoma kwenye feri. Anayevuka Likoni asubuhi anajua kwamba pale unasimama, unashika mkoba wako, na unasukumwa kutoka. Kitabu hakifunguki. Kusoma kunataka mahali pa kukaa.) Mimi nilisomea dukani, baada ya adhuhuri, mvua ikinyesha.

Kitabu cha kwanza kilikuwa riwaya ya Abdulrazak Gurnah, yule Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel 2021. Nilikisoma kwa Kiswahili, *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kinamhusu mtoto aitwaye Yusuf, anayechukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu babake ana deni asiloweza kulilipa. Mtoto anaambiwa anakwenda na ami yake, kumbe ni rehani. Nilikisoma nikiwa na mzigo wa leso niliochukua mali kauli, yaani unachukua kwa tajiri wa jumla na kulipa ukishauza. Biashara nyingi za pwani zimetembea kwa mali kauli tangu enzi za misafara, na mtu mwaminifu anaweza kuinuka kwayo. Lakini kile kitabu kilinionyesha upande wa pili kwa namna iliyonikosesha usingizi: deni la mzazi linamkuta nani? Nina watoto wawili. Hapo hapo lengo la msimu wa mwisho likajulikana, kuwa ifikapo Desemba nisiwe nadaiwa na tajiri wa jumla hata doti moja. Sikulitunga Januari. Lilitoka kitabuni na kwenye daftari la madeni, vyote viwili vikiwa mezani kwa wakati mmoja.

Cha pili ndicho ninachotaka kukuambia kwa kirefu, kwa sababu ndicho kilichoubadilisha mwaka wangu.

Mama alitolewa mtoto wa jicho wakati wa kusi. Alirudi na jicho limefunikwa, halafu akawa na wiki za kutia dawa, kutoinama na kutobeba kitu kizito. Mtu aliyezoea kuamka usiku kukanda unga wa mahamri, ukimkataza kazi unamtesa. Nikaanza kumsomea jioni. Magazeti yalimchosha. Nikaleta *Sauti ya Dhiki*, diwani ya mashairi ya Abdilatif Abdalla, na hapo akanyanyuka kitandani akakaa.

Abdilatif ni mtu wa hapa hapa, amezaliwa mtaa wa Kuze, Mombasa, 1946, na Mama ujana wake aliumalizia mtaa huo huo. Mwaka wa 1968 aliandika kijikaratasi cha siasa kiitwacho *Kenya: Twendapi?*, akafungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mashairi aliyaandika kwa siri mle gerezani, kwenye karatasi za msalani, na kitabu kikatoka 1973. Mimi shuleni nilikutana na shairi lake moja la mtihani, nikalikariri na kulisahau. Kiswahili chake ni Kimvita halisi, lahaja ya Mombasa, na peke yangu ningekwama kila ubeti. Kwa Mama hakukuwa na kukwama. Nilikuwa nikisoma mshororo, yeye anaurudia kwa mahadhi yake, kisha ananieleza nani alikuwa akizungumza hivyo, na watu walinong’onaje barazani siku zile kijana wa watu alipochukuliwa. Lile shairi la Alii na Badi wakigombania mnazi tulilisoma kwa kupokezana, mimi Alii, yeye Badi. Wajukuu wakawa wanakuja kusikiliza, na kila jioni walimwomba Badi ajibu tena.

Hatukwenda mbio. Kitabu kimoja chembamba kilitushika kusi nzima. Kwa hesabu yako ya vitabu ishirini na vinne, nimeshindwa vibaya sana. Kwa hesabu yangu, nimemsikia mamangu akisimulia ujana wake kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, na watoto wangu wanajua mashairi ya mtu wa mtaa wa bibi yao. Hiyo idadi ya vitabu, mdogo wangu, ifute. Inakufanya uchague vyepesi na uvikimbize.

Msimu wa mwisho ulikuwa wa kulipa. Kila mauzo ya siku nilitenga fungu la tajiri kwanza, ndipo la nyumbani. Chama chetu cha kina mama, cha kuchangiana pesa kwa zamu, kilinifikia mwezi wa Oktoba, na zile pesa zote zikaenda kwenye deni, ingawa nilikuwa na hamu kubwa ya cherehani. Kufika mwanzo wa Desemba tajiri alilipigia mstari jina langu kwenye kitabu chake. Cherehani itasubiri msimu wake.

Sasa wewe. Kazi yako umesema ni ya zamu kwenye yadi ya makontena, kwa hiyo una misimu yako pia: kuna wiki za meli nyingi na wiki za kukaa. Usianze kuandika malengo leo. Kwanza chukua kalenda uangalie miezi ipi ilikubana na ipi ilikuachia nafasi mwaka huu. Kisha tazama Ramadhani ijayo inatarajiwa lini, uhesabu miezi uliyo nayo kabla yake. Chagua jambo moja la hiyo miezi. Mengine yaandike ukurasa wa nyuma, uyaache hapo.

Kuhusu kitabu, kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyekulia Mvita, yaani Mombasa, anza na *Sauti ya Dhiki*, na usikisome peke yako. Fungua “Mamba” au “Jipu” kwanza, ni mafupi na yana fumbo linalomfanya mzee aongee. Kama huna mzee karibu, anza na *Peponi*, kwa sababu hadithi itakuvuta yenyewe. Maktaba ya umma iliyo Barabara ya Msanifu Kombo waulizie vyote viwili kabla hujanunua. Na mzee wako akikuambia jambo ambalo hukulijua, rudi hapa utuandikie, hasa kama anaikumbuka Kuze ya miaka ya sitini.