Kushusha injini ya Porsche 911 nyumbani: jua kwanza oili inatoka wapi

Mkuu uliyeuliza kuhusu 911 SC ya 1982 inayodondosha oili, kama unaweza kushusha injini mwenyewe nyumbani bila winchi na kubadili sili zote: kuishusha unaweza. Nimeshusha ya kwangu, SC kama hiyo, kwa jeki kubwa ya magurudumu na stendi. Ninachotilia shaka ni mpango wa kubadili kila sili iliyomo. Usipojiwekea mpaka mapema, utajikuta umefungua blok nzima vipande viwili kwa sababu ya tone moja la oili, na hapo si kazi ya sili tena, ni ovaholi.

Kabla hujagusa nati, osha injini kwa dawa ya kuondoa grisi, iache ikauke, endesha gari mpaka oili ipate moto sawasawa, kisha ingia chini na tochi. Oili huanzia juu ikateremka, na upepo wa barabarani huipeperusha kila mahali, hivyo doa la sakafuni halikuonyeshi kinachovuja. Kuna sehemu tatu zilizojificha nyuma ya feni ukitazama kutoka boneti ya injini, ambayo kwa 911 iko nyuma ya gari: swichi ya presha ya oili, oringi ya thermostati na gasketi ya kifuniko cha pumzi, pale injini inapotolea hewa yake ya ndani. Zikivuja, oili hushuka hadi usawa wa klachi, na mtu anaapa kuwa sili ya flaiwili imekufa. Kama ni hizo tu, huna haja ya kutoa injini. Legeza boliti za nyuma huku jeki imeishika injini, iinamishe kidogo, utazifikia kwa mkono.

Tuseme umeamua kuitoa. Injini na gia boksi hushuka pamoja, na kinachovibeba ni boliti kubwa nne: mbili nyuma kwenye injini, mbili mbele kwenye gia boksi. Uzito wake unapita kilo 250, kwa hiyo tafuta mtu wa pili, hata kama kazi yake ni kuangalia tu kama kuna kinachokwama. Halafu kumbuka, breki ya mkono inakamata magurudumu ya nyuma, na hayo yatakuwa hewani. Weka vigingi vya maana magurudumu ya mbele. Uzito wa nyuma ukishaondoka gari linalalia mbele, kwa hiyo stendi ziwe pana na ziwe mahali pa chuma kigumu, kwenye ncha za bomba la tosheni, lile la kukingama lenye fimbo za springi za nyuma. Gari lenyewe utalipandisha juu kuliko unavyodhani, kama sentimita 70 chini ya bampa, ili injini ipite kutoka.

Mengine ya kufungua yanaonekana kwa macho: betri kwanza, paipu za petroli, mipira ya hita, paipu za tenki la oili, ekseli, kebo ya klachi, waya za stata. Kompresa ya AC ifungue boliti uilaze pembeni na mipira yake, gesi isiguswe. Vinavyosahaulika ni waya wa ethi kati ya gia boksi na bodi, waya wa taa za rivasi, na kiungo cha fimbo ya gia. Hicho kiungo kiko ndani ya handaki, chini ya kibati kilicho katikati ya viti vya nyuma, na waya wa spidomita unapita humohumo. Injini ikigoma kushuka, usiibembeleze kwa nyundo. Rudi kwenye hivyo vitatu.

Eksozi na maboksi ya joto, yale yanayozunguka eksozi na kupeleka hewa ya moto kwenye hita, viache vishuke na injini. Stadi (boliti zisizo na kichwa) za eksozi zilizopikwa na joto miaka yote hiyo hukatika ukizitazama vibaya, na kutoa kipande kilichobaki kwenye hedi ni balaa jipya ambalo hukulihitaji.

Ikishakuwa chini, fungua tapeti kava za chini kabla ya jambo lingine lolote. SC zina historia ya kukatika stadi za hedi za safu ya chini, zile za aloi iitwayo Dilavar, na kipande kilichokatika hukikuta kimelala ndani ya kava. Pitisha sumaku: za chuma cha kawaida huishika, Dilavar hazishiki. Ukikuta iliyokatika, weka spana chini, maana hedi lazima zitoke na bajeti inabadilika.

Kama stadi ni nzima, mpaka wangu ni huu: kila kinachofikika kwa nje. Sili ya flaiwili, ambayo unaiingiza sawasawa pande zote bila kukwaruza krenki. Zile tatu za juu. Gasketi za kava za cheni na tapeti kava. Paipu nne za kurudishia oili, na hapa nunua zile za vipande viwili zinazojikunja, kwa sababu zile za asili hazitoki nzima wala haziingii bila kuvua hedi; za zamani unazikata. Ukiwa hapohapo pima tapeti, milimita 0.1 injini ikiwa baridi, kwani ikiwa ndani ya gari zile za chini zinatesa shingo. Klachi iangalie pia. Unyevunyevu kwenye maungio ya blok mimi niliuacha, na ningeuacha tena.

Kurudisha ni kinyume chake, ila polepole zaidi. Kabla ya kuwasha chomoa relei ya pampu ya petroli, piga stata mpaka geji ya presha ipande, ndipo uirudishe. Mfumo wote unabeba takriban lita 13 lakini ukimwaga hazitoki zote, kwa hiyo usimimine zote kwa mpigo. Kipimo sahihi kinasomwa injini ikiwa na moto, inaunguruma taratibu, gari likiwa mahali tambarare. Moshi wa mwanzo kutoka kwenye maboksi ya joto usikutishe, ni oili iliyomwagikia hapo.

Ukifungua kava za chini tupia picha humu kabla hujaagiza vifaa.