Je, kuweka akiba ya chakula ni kukosa imani?
Dada yangu wa Kongwa, umeuliza kama kupanda mtama badala ya mahindi, na kuweka magunia mawili ya akiba, ni kukosa imani, kwa sababu mwenzako wa kikundi cha maombi amekuambia kwamba anayemtumaini Bwana hajiwekei akiba. Mimi sikubaliani naye. Katika Mwanzo 41, Yusufu alikusanya nafaka katika miaka 7 ya shibe kwa ajili ya miaka 7 ya njaa, na hakuna aliyemhesabu kuwa mtu wa mashaka. Mkoa wetu wa Dodoma una msimu mmoja tu wa mvua, na mtama huvumilia ukame kuliko mahindi. Kulizingatia hilo ni kutumia akili uliyopewa na Mungu yuleyule unayemwomba. Mathayo 6 inakataza kuisumbukia kesho, haikatazi kuiandalia. Lakini ukijikuta unaamka usiku kuhesabu magunia kwa tochi, au jirani anapokuja na bakuli kuomba unga unamwambia umeishiwa ilhali debe limejaa nyuma ya mlango, hapo tumaini lako limeshahamia ghalani. Mpimie huyo jirani. Na mwenzako wa maombi usigombane naye; mwalike kwenye palizi.