Kupima nanotyubu za kaboni kwa mwanga: usiamini spektra kabla ya kuikagua sampuli

Anayeanza kazi na nanotyubu za kaboni zenye ukuta mmoja, yaani mirija midogo mno ya kaboni, hupewa mapema jedwali la vilele vya mwanga ambao kila aina ya tyubu hufyonza au kutoa, na kuambiwa alinganishe. Jedwali hilo ni la kutegemewa, ila halimsaidii mtu ambaye sampuli yake ni mbovu. Makosa mengi huzaliwa ndani ya chupa, kabla taa ya spektromita haijawashwa.

Nadharia ya kuanzia ni fupi. Kila tyubu ina jozi ya namba (n,m) inayoeleza jinsi ukuta wake ulivyokunjwa. Ukitoa m kwenye n na jibu likagawanyika kwa 3, tyubu hiyo ni ya kimetali na haitoi fluoresensi, yaani mwanga unaotolewa baada ya kufyonza mwingine. Ikibaki 1 au 2, ni semikondakta. Semikondakta hufyonza mwanga kwa nguvu kwenye ngazi ya pili ya nishati, E22, hushuka hadi ya kwanza, E11, kwa muda usiofika pikosekunde moja, kisha hutoa mwanga wa infraredi ya karibu. Kwa (6,5), E22 iko karibu na nanomita 567 na E11 karibu na 980. Kwa (7,5) ni 645 na 1024. Kwa (7,6) ni 648 na 1120. Zingatia kwamba vilele hivi ni vya eksitoni, yaani elektroni na tundu (nafasi iliyoachwa na elektroni) vilivyofungamana kwa nishati ya takriban 0.3 hadi 0.4 eV (elektronivolti). Kwa hiyo E11 ni ndogo kuliko pengo la nishati linalohusu umeme. Usiandike moja mahali pa jingine.

Sasa twende kwenye chupa. Tyubu kavu hushikamana katika matita, na ndani ya tita nishati ya eksitoni hukimbilia tyubu ya kimetali au yenye pengo dogo zaidi, ikapotea bila mwanga. Ndiyo maana fluoresensi haikuonekana vizuri hadi mwaka 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice walipotenganisha tyubu mojamoja ndani ya sabuni ya SDS (sodiamu dodesili salfeti). Kazi yako ya kwanza ni hiyohiyo ya kuzitenganisha.

Kiasi kizuri cha kuanzia ni miligramu 10 za unga katika mililita 10 za maji yenye sodiamu deoksikoleti 1%, ambayo nayo hufanya kazi ya sabuni. Pima unga ndani ya kabati la kunyonya hewa, na uloweshe mara moja ili vumbi lisipeperuke. Tumia mawimbi ya sauti ya ncha ya chuma, si beseni, kwa dakika 30 hadi 60, chombo kikiwa kwenye barafu muda wote. Ncha ikiwa juu mno utapata povu, na povu likishajaa mawimbi hayafanyi kazi tena ingawa mashine inanguruma. Simamisha, subiri povu litulie, zamisha ncha zaidi. Usiongeze muda kwa kudhani utapata mwanga zaidi: mawimbi hukata tyubu, na eksitoni husafiri kiasi cha nanomita 100 kabla ya kufa, hivyo kwenye tyubu fupi hufika mwishoni na kuzimika.

Baadaye zungusha kwenye sentrifyuji. Mizunguko ya takriban 120,000 g (g ni nguvu ya uvutano wa dunia) kwa saa 4 ndiyo hutenga tyubu za mojamoja vizuri. Mashine ya mezani ya 20,000 g kwa saa 2 hutoa sampuli ya kuvumilika. Nyonya sehemu ya juu taratibu na uache angalau robo ya chini bila kuigusa. Ukitaka kupunguza ukolezi, ongeza maji yenye sabuni ileile, kamwe si maji matupu. Kwa wanaotumia SDS, ikishuka chini ya takriban 0.23%, tyubu hurudi kwenye matita mbele ya macho yako.

Pima ufyonzaji kwanza. Matita hujitambulisha yenyewe: vilele hupanuka, husogea kuelekea mawimbi marefu, na mabonde kati yake hujaa. Ukiona hivyo rudi kwenye sentrifyuji, usiende mbele. Kyuveti (kichupa cha kupimia) ya kulinganishia lazima iwe na kimiminika kilekile hasa, kwa sababu maji ya kawaida yana ufyonzaji wa kama 0.2 kwa sentimita moja karibu na nanomita 975, palepale ilipo (6,5). Zaidi ya 1400 maji hayapitishi kitu cha maana. Kwa tyubu nene tumia maji mazito, D₂O, na funga chupa, maana hunyonya unyevu wa hewani.

Kwa fluoresensi, punguza sampuli hadi ufyonzaji wa E11 uwe chini ya 0.1. E11 ya kufyonza na ya kutoa zinakaribiana mno, hivyo sampuli nzito hula mwanga wake yenyewe. Kigunduzi cha silikoni huchoka karibu na nanomita 1000. Unahitaji cha InGaAs (indiamu, galiamu na aseniki). Ukitumia leza ya 785, kumbuka mstari wa Raman wa D₂O, yaani mwanga wa leza uliotawanywa na maji hayo na kupoteza nishati kidogo, huangukia karibu na 977 na hujifanya (6,5). Badilisha urefu wa wimbi la leza: Raman husogea pamoja nayo, fluoresensi hubaki mahali pake.

Asidi nayo ina madhara. Katika SDS, pH ikishuka huku oksijeni ikiwa ndani ya maji, E11 hufifia, tyubu nene zikitangulia. Deoksikoleti hulinda zaidi, lakini yenyewe huganda kama jeli pH ikipungua. Pima pH kabla ya kulaumu tyubu.

Sehemu inayopoteza wageni kuliko zote ni eneo la nanomita 1100 hadi 1140 unapochochea kwa 567. Hapo hukutana vitu vinne. Cha kwanza ni oda ya pili ya gratingi (kipande cha spektromita kinachotenganisha rangi), ambapo mwanga wa uchochezi huonekana kwenye urefu wa wimbi mara mbili: 567 mara mbili ni 1134, na kwenye ramani ya uchochezi dhidi ya utoaji huonekana kama mstari wa mshazari unaosogea na uchochezi. Kichujio kinachozuia chini ya 850, kikiwekwa mbele ya monokromata ya kutokea (kifaa kinachochagua rangi ya mwanga unaopimwa), hukiondoa. Cha pili ni mkia wa fononi (mitetemo ya atomi za tyubu) wa (6,5), ulio kiasi cha 0.13 hadi 0.14 eV chini ya kilele kikuu. Uwiano wake na kilele hicho haubadiliki ukipunguza ukolezi au nguvu ya leza. Cha tatu ni kasoro za oksijeni au za vikundi vya arili (vipande vya molekuli vyenye pete ya kaboni) ukutani mwa tyubu. Hizi pia huchochewa kwa 567, lakini uwiano wake na kilele kikuu hupungua nguvu ya leza inapopanda, kwa sababu kasoro chache hujaa. Cha nne ni tyubu nyingine kabisa, (8,4) au (7,6), na hizo hujibainisha kwa kuchochewa vizuri zaidi kwa 589 na 648.