Maswali na Majibu ya Muziki: Nyimbo 32 za Guided by Voices

Mwezi huu barua tatu kati ya zilizotufikia zinahusu bendi moja, Guided by Voices ya mji wa Dayton, jimbo la Ohio, nchini Marekani, na hasa albamu yake ya mwaka 2019, Zeppelin Over China. Kwa kuwa hoja zake zinashikana, nimezijibu pamoja. Barua nyingine zitasubiri toleo lijalo.

SWALI: Ndugu mhariri, sisi ni marafiki wanne wa hapa Kondele. Tangu tukiwa shule ya upili tumekuwa tukipashana albamu za roki kwa flashi na kuzijadili Jumapili jioni. Zeppelin Over China imetugawanya vibaya. Wawili wetu wanashikilia kwamba ni kazi bora kuliko zote ambazo bendi hii imetoa tangu irudiane. Wa tatu anasema nyimbo zote ni zilezile, na kwamba mzee Robert Pollard, mwimbaji na mtunzi mkuu wa bendi, siku hizi anaandika kwa mazoea tu. Mimi niko katikati: nikisikiliza wimbo mmoja mmoja naupenda, lakini nikiisikiliza albamu nzima nachoka kabla sijafika nusu. Je, kasoro iko kwenye albamu au kwenye masikio yetu? Na je, bendi inayotoa albamu tatu kwa mwaka inaweza kweli kulinda ubora wake?
Msomaji wa Kondele, Kisumu

JIBU: Ndugu yangu wa Kondele, mmegawanyika palepale walipogawanyika mashabiki wengi wa bendi hii, na kwa maoni yangu wewe uliye katikati ndiwe uliyelieleza jambo lenyewe vizuri kuliko wenzako.

Tuanze na hesabu kidogo. Alien Lanes ya mwaka 1995, ambayo mashabiki wa muda mrefu huitaja pamoja na Bee Thousand ya 1994 wanapotaka kuonyesha kilele cha bendi hii, ina nyimbo 28 katika dakika 41 hivi, maana yake wimbo mmoja kwa wastani haufikishi dakika moja na nusu. Zeppelin Over China ina nyimbo 32 katika dakika 75 hivi, na wastani wake ni dakika mbili na sekunde ishirini. Kwenye karatasi tofauti hiyo haitishi, lakini masikioni inabadilisha kila kitu. Katika albamu ya zamani, wimbo usiokupendeza ulikuwa umeshakwisha kabla hujanyosha mkono kuuruka, na pengine huo uliofuata ndio uliokuja kuuimba wiki nzima. Siku hizi wimbo unakuja umekamilika: una ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili, na mara nyingi gitaa la Doug Gillard linapewa nafasi ya kusema lake kabla kiitikio hakijarudi. Wimbo mzuri umefaidika kwa ukamilifu huo, lakini wimbo dhaifu nao umepata muda wa kutosha wa kuuanika udhaifu wake wote. Hao wenzako wawili wanausikia ule mzuri uliokua, na huyo wa tatu anausikia ule dhaifu uliorefuka, wala hakuna anayedanganya.

Jambo la pili ni sauti moja. Katika safu ya miaka ya tisini, ambayo ndiyo iliyorudiana mwaka 2010 na kudumu hadi 2014, alikuwepo Tobin Sprout, mtunzi wa pili, mwenye sauti laini na nyimbo tulivu ambazo zilimpumzisha msikilizaji kati ya mikiki ya Pollard. Sprout hayumo katika safu ya sasa. August by Cake ya mwaka 2017, ambayo nayo ni albamu ya santuri mbili yenye nyimbo 32, iliziba pengo hilo kwa kiasi fulani kwa sababu wanabendi wengine walipewa nafasi ya kutia tungo zao. Zeppelin Over China haina nafuu hiyo. Nyimbo zote 32 zimetoka katika kichwa kimoja. Ninashuku kwamba rafiki yako anaposema nyimbo ni zilezile, kinachomchosha ni kukosa mtu wa kumpokea Pollard, kwa sababu ukizisikiliza kwa makini, miondoko yake haifanani hata kidogo: kuna roki iliyonyooka, kuna zilizopindwa mahadhi katikati ya ubeti, kuna za gitaa tupu.

Kuhusu hilo la mazoea, naomba nimtetee mzee kidogo. Pollard alikuwa mwalimu wa shule huko Dayton kwa miaka mingi kabla muziki haujaanza kumlisha, na tangu wakati huo alikuwa akitunga kwa wingi kiasi cha kuwaacha watu vinywa wazi. August by Cake ilihesabiwa kuwa albamu ya 100 katika maisha yake, ukijumlisha za bendi, za kwake binafsi na za vikundi vingine alivyoviunda. Basi kama ni mazoea, ni mazoea yaleyale yaliyozaa Bee Thousand. Mtu anaweza kuyachoka, na hiyo ni haki yake, lakini hawezi kusema yameanza juzi.

Sasa albamu tatu kwa mwaka. Zeppelin Over China ilitoka Februari 2019, Warp and Woof ikatoka Aprili, na Sweating the Plague ikafuata Oktoba. Ukizipanga pamoja utaona kwamba waliozitoa walijua wanachofanya. Warp and Woof ina nyimbo 24 ambazo zote pamoja hazifikishi dakika 40, yaani bendi ilirudia ufupi wa zamani chini ya miezi mitatu baada ya albamu iliyolaumiwa kwa urefu. Sweating the Plague ina nyimbo 12 peke yake, zimenyoshwa, zina uzito wa roki ya viwanja vikubwa. Bendi iliyoishiwa ingetoa albamu ileile mara tatu. Na mwaka huohuo ulipokuwa unamalizika, bendi ilipanda jukwaani mjini Los Angeles usiku wa kuamkia mwaka mpya na kupiga nyimbo 100 katika onyesho moja, jambo ambalo mtu aliyechoka na kazi yake halithubutu.

Hata hivyo, siwezi kuisafisha albamu yenu kabisa. Hakuna aliyeketi akachagua. Bendi huzitoa kazi zake yenyewe, kwa hiyo hakuna mwenye kampuni wa kugonga meza na kusema nyimbo kumi na nne zibaki nyumbani. Ukiichukua albamu hii unauziwa kama omena, kwa gorogoro, na kuchambua ni juu yako. Hapa kwetu Nyanza mambo hayakuwa hivyo. Mwanamuziki wa benga Daniel Owino Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz walirekodi nyimbo nyingi mno, na wapinzani wao vilevile, lakini benga ilimfikia msikilizaji kwa santuri ndogo, mara nyingi wimbo mmoja ukigawanywa sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande ule. Msambazaji kama Oluoch Kanindo, ambaye santuri zake zilivuma hadi Zimbabwe na kuwafanya watu wa huko wauite mtindo wenyewe kwa jina lake, alikuwa na kila sababu ya kuuliza iwapo santuri hii itauzika yenyewe. Hakuna shabiki wa benga aliyewahi kulazimishwa kumeza nyimbo 32 kwa pumzi moja, ndiyo maana wingi wa kazi za Misiani haukugeuka kuwa kosa lake.

Dawa ya uchovu wako imo katika umbo la albamu yenyewe. Zeppelin Over China ilitolewa kwa santuri mbili, yaani pande nne, na kila upande ukisha mtu huinuka kuugeuza. Mnaposikiliza kutoka kwenye flashi, pande hizo hupotea na mnabaki na dakika 75 mfululizo. Zigaweni nyimbo hizo katika mafungu manne ya nyimbo nane nane kwa kufuata mpangilio wake, msikilize fungu moja kila Jumapili, kisha kila mmoja wenu aandike zile ambazo angeziondoa. Natabiri kwamba orodha zenu hazitafanana, na huyo wa tatu atajikuta anaulilia wimbo ambao mmoja wa wale mashabiki wakubwa ameufuta. Hapo ndipo mtaelewa kwa nini Pollard hakuwa na haraka ya kukata.

SWALI: Mhariri, mimi ni mpenzi wa zile kazi za mwanzo zilizosikika kama zimerekodiwa jikoni. Ukizisikia albamu mpya, sauti ni safi kama ya bendi nyingine yoyote. Je, hawakuuza roho yao walipoingia studio nzuri?
Msomaji wa Section 58, Nakuru

JIBU: Msomaji wangu wa Nakuru, lawama hiyo ina umri mkubwa kuliko albamu unayoilaumu. Ilisikika kwa nguvu mwaka 1999, bendi ilipotoa Do the Collapse chini ya mtayarishaji Ric Ocasek, kiongozi wa The Cars, ambaye aliisugua sauti yao hadi ikang'aa. Mashabiki wengi wa zile rekodi za mwanzo za kaseti walihisi wamesalitiwa, na nadhani walikuwa na haki kwa kiasi fulani, kwa kuwa kinanda na gitaa zilizopangwa kwa unadhifu kupita kiasi ziliufanya uimbaji wa Pollard usikike kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Miaka miwili baadaye ilitoka Isolation Drills, ambayo nayo ilirekodiwa vizuri, lakini gitaa ziliachwa na ukali wake, na kelele za kulalamika zikapungua sana. Kwa hiyo usafi peke yake haukuwa tatizo.

Halafu tusiupambe ukwaruzaji ule kuliko ulivyostahili. Walirekodi kwa mashine ya kaseti yenye njia nne: sauti nne tu zinaweza kuingizwa, kila moja kwenye njia yake. Ukitaka ya tano, inakubidi uzichanganye tatu za kwanza na kuzihamishia kwenye njia moja, ili njia nyingine zipatikane upya. Kila uhamisho wa namna hiyo huongeza mvumo wa kanda na kufifisha sauti za juu, ndiyo maana matoazi ya albamu zile yanasikika kama yanapigwa chumba cha pili, na wakati mwingine gitaa linazama ghafla na kuibuka tena. Ulikuwa ni ukosefu wa pesa uliotumiwa kwa akili nyingi. Mpiga ngoma wa sasa, Kevin March, ana mkono mzuri mno kufichwa chini ya mvumo wa kanda, na besi ya Mark Shue katika kaseti ya njia nne usingeisikia kabisa. Mimi binafsi napenda zaidi kuwasikia wakipiga.

Nakubaliana nawe katika jambo moja tu. Sauti chafu ilikuwa inatofautisha wimbo na wimbo, kwa sababu mmoja ulirekodiwa karibu na mwingine mbali, mmoja ulipaza na mwingine ulinong'ona. Katika Zeppelin Over China nyimbo karibu zote zimesimama umbali uleule kutoka sikioni, na kwa albamu ndefu kiasi hicho hilo linachangia uchovu ambao ndugu yetu wa Kondele ameulalamikia.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa chuo mjini Kakamega na nyumbani ni Kisumu. Kaka yangu ananisifia bendi hii kila siku, lakini ina albamu nyingi hata sijui pa kuanzia. Amenitumia Zeppelin Over China. Nianze nayo?
Msomaji wa Kakamega

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapana, usianze nayo, na umwambie kaka yako nimesema hivyo. Anza na Bee Thousand, nyimbo 20 ambazo hazifikishi dakika 40. Usipoipenda utakuwa umepoteza muda mfupi, na ukiipenda utakuwa umeelewa kwa nini watu wazima wanagombana kwa ajili ya bendi hii. Kisha sikiliza Isolation Drills ili uwasikie wakiwa na sauti kamili. Baada ya hapo ndipo uifungue hiyo ya kaka yako, ukianza na wimbo wa "The Rally Boys", halafu "You Own the Night", halafu "My Future in Barcelona". Vikikupendeza hivyo vitatu, irudie yote tangu mwanzo.

Dakika zake 75 zinakaribia safari yako ya matatu kutoka Kisumu hadi Kakamega barabara ikiwa shwari, lakini fuata ushauri niliowapa wa Kondele: sikiliza nyimbo nane za kwanza, zima, zungumza na jirani yako au tazama barabara, halafu uendelee na fungu la pili ukishapita Majengo. Hayo mafungu mawili ya mwisho yaache kwa safari ya kurudi. Na zipakue ukiwa chuoni kwenye intaneti ya bure, maana kusikiliza albamu tatu njiani kwa bando la mwanafunzi ni gharama ambayo kaka yako hakuifikiria.